Tupeane uzoefu: kutumia laini ya eSIM ukiwa ugenini

Mwanzisha mada:
Wakuu, naomba tupeane uzoefu wa kutumia eSIM safarini, yaani ile laini isiyo na kadi ya kuchomeka, ambayo taarifa zake hupakuliwa kwenye chipu iliyomo ndani ya simu. Naanza na yangu. Nilinunua kifurushi cha data siku mbili kabla ya safari, nikatumiwa msimbo wa QR kwa barua pepe, nikajiambia kwamba nitauskani nikifika. Nilipotua ndipo nilipogundua kwamba kupakua laini hiyo kunahitaji intaneti, na intaneti ndiyo niliyokuwa nimeikosa. Waifai ya uwanja wa ndege ilitaka nipokee tarakimu za uthibitisho kwa ujumbe mfupi, kwenye laini ambayo nilikuwa nimeizima nikihofia makato! Abiria mmoja alinihurumia akaniwashia hotspoti yake, na kazi yote ikaisha kwa dakika tatu ambazo ningeweza kuzitumia nikiwa bado kitandani kwangu.

Mchangiaji wa 1:
Mimi nilihangaika nusu siku kwa sababu ya swichi moja. Mtandao ulikuwa unasoma vizuri, jina la kampuni linaonekana juu ya kioo, lakini hakuna ukurasa uliofunguka. Kumbe eSIM nyingi za wasafiri hutolewa na kampuni ya nchi nyingine kabisa, kwa hiyo laini yenyewe nayo iko ugenini kama wewe, na usipoiwashia rominga, yaani ruhusa ya kutumia mtandao wa kampuni nyingine, haipitishi data. Nilikuwa nimezima rominga kwenye laini zote mbili kwa woga, ilhali ya kuzimwa ni ile ya nyumbani tu. Nilipoiwasha, tovuti kadhaa zilinifungukia kwa lugha ya nchi ambayo sijawahi kuikanyaga, kwa kuwa data yangu ilikuwa inapitia huko.

Mchangiaji wa 2:
Kwangu ilikuwa kinyume chake. Rominga ya laini ya nyumbani niliiacha wazi, na simu ilikuwa imeruhusiwa kuhamia laini ya pili kila mtandao wa eSIM unapolegea. Picha zangu zilijipakia zenyewe usiku kucha kwa gharama ya laini ya nyumbani, nami niliposhtuka salio lilikuwa limekwisha. Siku hizi laini hiyo naiacha hewani kwa ajili ya ujumbe wa uthibitisho wa benki peke yake, maana eSIM za data kwa kawaida hazina namba ya kupokelea ujumbe.

Mchangiaji wa 3:
Data iliposuasua nikafuta eSIM ili niiweke upya, nikidhani ni sawa na kuchomoa kadi na kuirudisha. Misimbo mingi hutumika mara moja tu, na wangu ulikuwa mmojawapo. Ilinibidi nimwombe muuzaji msimbo mwingine.

Mchangiaji wa 4:
Kabla hujalipa, piga *#06#. Ukiona EID, yaani namba ya utambulisho ya chipu ya eSIM, yenye tarakimu 32, simu yako ina chipu hiyo. Yangu ilikuwa nayo, ila ilikuwa imefungwa kwa mtandao mmoja, na pesa zikapotea.

Mwanzisha mada:
Shukrani, wakuu. Je, yupo aliyepoteza simu akiwa safarini, akafanikiwa kuhamishia eSIM yake kwenye simu nyingine?