Kamba na mboga za kukaanga kwa mtindo wa Kichina: sahani moja ina kalori ngapi hasa?

JikoLaUani aliuliza:

Wakuu, salaam. Naomba msaada wa hesabu. Kamba waliokaangwa haraka kwa moto mkali pamoja na brokoli, karoti na hoho, mtindo wa Kichina, kila programu ya simu inatoa jibu lake. Moja inasema sahani ni kalori 180, nyingine 420. Mapishi ni ya watu wawili: kamba 250 g waliomenywa, mboga 400 g, mafuta vijiko viwili vya chakula, sosi ya soya kijiko kimoja, sosi ya chaza kijiko kimoja. Mlaji mmoja ana presha, kwa hiyo nataka kujua na chumvi. Halafu lehemu (kolesteroli) ya kamba, ni ya kuogopwa?

VipimoKwanza alijibu:

Mkuu, tofauti hiyo inatokana na mafuta. Programu inayotoa 180 imehesabu kamba na mboga tu. Tupige hesabu kwa vitu vibichi.

Kamba 250 g ni kalori kama 210, protini 50 g, na mafuta gramu moja na kitu. Mboga nachukulia hivi: brokoli 150 g, hoho nyekundu 100 g, karoti 80 g, na maganda machanga ya njegere 70 g. Zote pamoja hazifiki kalori 150, lakini zina nyuzinyuzi karibu 10 g na protini 8 g. Sasa angalia mafuta: kijiko kimoja cha chakula ni kalori 120, viwili ni 240. Kwa hiyo mafuta peke yake yanawazidi kamba wote. Ongeza kijiko cha chai cha mafuta ya ufuta (40), konflawa (unga wa wanga wa mahindi) vijiko viwili vya chai (20), sosi zote mbili (20), na sukari kidogo, tangawizi na kitunguu saumu (20).

Jumla ni karibu 700, yaani 350 kwa mtu: protini 29 g, mafuta 17 g, wanga 20 g, nyuzinyuzi 5 g. Wali mweupe hujautaja. Gramu 200 za wali ulioiva zinaongeza kalori 260.

Chumvi ndiyo ya kuangalia kwa makini. Sosi ya soya, kijiko kimoja cha chakula, ina sodiamu (ile sehemu ya chumvi inayopandisha presha) kama 900 mg. Ya chaza ina karibu 490 mg. Kamba wenyewe wana kama 300 mg za asili, mboga 100 na kidogo. Gawanya kwa mbili, kila mtu anapata 900 mg. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe 2,000 mg kwa siku, kwa hiyo sahani moja imekula karibu nusu ya siku, na hapo hujaongeza chumvi ya mezani.

Lehemu: kila mtu anapata kama 200 mg. Mwongozo wa lishe wa Marekani wa 2015–2020 uliondoa kikomo cha zamani cha 300 mg kwa siku, kwa sababu kwa watu wengi mafuta yaliyoganda ya kwenye siagi na nyama yenye mafuta hupandisha lehemu ya damu kuliko lehemu iliyo ndani ya chakula. Kamba karibu hawana mafuta hayo. Mwenye tatizo la kurithi la lehemu nyingi kwenye damu afuate alichoambiwa na daktari wake.

KaraiMoto alijibu:

Hesabu ya VipimoKwanza ni sahihi kwa jiko la nyumbani. Kwa sahani ya hotelini usiitumie. Mpishi wa Kiguangdong (kusini mwa China) mara nyingi huwapitisha kamba kwenye mafuta mengi ya moto wa wastani kwanza, anawachuja, ndipo anawarudisha kwenye karai na mboga. Kamba wanakuwa laini na wanang'aa, ila mafuta hayapimwi kwa kijiko.

Nyumbani kinachozidi ni sosi, na sababu yake ni maji. Mtu anamwaga kamba wenye maji na mboga zote 400 g kwa mpigo kwenye jiko dogo la gesi. Karai linapoa, vitu vinatoa maji, vinachemka badala ya kukaangika. Ladha inakuwa hafifu, anaongeza soya. Mchuzi umekuwa mwepesi, anaongeza konflawa. Sodiamu imepanda na hakuna kilichopona.

Fanya hivi. Sugua kamba na robo kijiko cha chai cha magadi ya kuokea (baking soda), waache dakika 15, suuza vizuri kwa maji baridi ili magadi yatoke, maana nayo yana sodiamu na yakibaki yanaleta ladha ya sabuni. Kausha kwa kitambaa hadi wasilowanishe kidole. Changanya na kijiko kimoja cha chai cha konflawa. Pasha karai likiwa tupu mpaka tone la maji linaruka, tia nusu ya mafuta, tandaza kamba safu moja. Sekunde 45 upande wa kwanza, 30 wa pili, watoe wakiwa bado hawajaiva kabisa katikati. Kamba aliyejikunja nusu duara ameiva vizuri. Akijifunga duara kamili amekauka, na atakuwa mgumu kama mpira.

Mafuta yaliyobaki yaingie, tangawizi na saumu sekunde 15, kisha karoti na brokoli pamoja na vijiko viwili vya maji, funika dakika moja. Hoho na njegere nusu dakika. Rudisha kamba, koroga upya mchanganyiko wa sosi kwa sababu wanga hutuama chini, mimina, geuza sekunde 20, zima. Usichemshe brokoli kando na kumwaga maji, vitamini C inakwenda nayo. Mafuta nayo usiyaondoe yote, karoti inayahitaji ili mwili unyonye beta-karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A.

Ukibadilisha brokoli kwa mboga ya chainizi, tenga shina na jani. Shina liingie na karoti, jani mwishoni kabisa.

Samaki_na_Mizani alijibu:

Jambo moja halijaguswa. Kamba wa kugandishwa wa pakiti wengi huloweshwa kwenye fosfeti ya sodiamu ili washike maji. Sodiamu yao inaweza kuwa mara kadhaa ya kamba wabichi, na uzito unaolipia ni pamoja na barafu. Soma kibandiko: ukiona "fosfeti" au "polifosfeti", ile 300 mg isahau. Pima baada ya kuyeyusha na kuchuja. Ukinunua wabichi wenye vichwa, utahitaji karibu nusu kilo upate 250 g safi.

Na sosi ya soya ya kawaida ina ngano. Asiyekula gluteni (protini ya ngano) aangalie.

JikoLaUani:

Shukrani sana. Sasa kwa huyu wa presha, nipunguze wapi bila chakula kupoteza ladha?

VipimoKwanza alijibu:

Soya iwe vijiko viwili vya chai badala ya kimoja cha chakula, sosi ya chaza kijiko kimoja cha chai. Hapo sodiamu ya sosi inashuka kutoka 1,390 mg hadi kama 760, na kila mtu anabaki na karibu 600 mg, mradi kamba hawana fosfeti. Pengo la ladha lizibe kwa tangawizi mara mbili, pilipili manga nyeupe, na kijiko cha chai cha siki ya mchele au ndimu baada ya kuzima moto. Mafuta ya ufuta nayo yaingie moto ukishazimwa, yakikaangwa harufu inapotea.

Ukitumia ajinomoto, ina sodiamu kama 12% ya uzito wake, chumvi ina 39%. Robo kijiko cha chai inatosha, lakini iwe mahali pa sehemu ya soya, isiwe nyongeza juu yake.

Mafuta ya kukaangia yakishuka hadi kijiko kimoja na nusu, kila sahani inapoteza kalori 30. Chini ya hapo kamba wataanza kuganda kwenye karai, labda liwe lile lisilogandisha, nalo usilipashe likiwa tupu.