Huyu Abdulla wa kwenye leso ya nyanya ni nani?

Mjukuu_Pumwani:
Wajuzi wa leso, niokoeni. Jumamosi tulifungua sanduku la marehemu nyanya, tukakuta doti moja haijakatwa wala kupindwa, ya manjano yenye korosho kwenye pindo. Jina lake: AKIPENDA CHONGO HUITA KENGEZA. Hapo hakuna neno. Babu alikuwa na kengeza, tukajua ni utani wao. Balaa ni herufi ndogo pembeni: K.H.E. MALI YA ABDULLA. Babu aliitwa Juma! Mama hasemi na mtu tangu juzi, shangazi anacheka peke yake jikoni.

Bi_Kibokoni:
Mwanangu, nimecheka hadi chai ikanimwagikia. Huyo Abdulla kavaliwa na nyanya za watu wote, pwani hadi bara. K.H.E. ni Kaderdina Hajee Essak, aliyeanza biashara Mombasa mwaka 1887. Watu walimjua kwa jina la Abdulla, ndipo akatia alama hiyo ili leso zake zisichanganywe na za wengine. Mali hapo ni bidhaa, si mke wa mtu! Mwambie mama ale chakula.

Muuza_Leso_Biashara_Street:
Bi Kibokoni kamaliza. Naongeza la asili yake tu, maana wateja huniuliza kila siku. Neno leso limetoka kwa Wareno: *lenço*, kitambaa cha mkono. Wanawake wa pwani walikuwa wakinunua vile vitambaa vikiwa bado jora, wanakatiwa sita, kisha wanaviunga vitatu juu vitatu chini, wanapata vazi. Baadaye wenye maduka wakaona heri wachapishe kipande kizima. Kanga nalo, wazee husema ni kwa sababu ya madoadoa kama ya yule ndege. Methali zilikuja mwanzoni mwa karne ya 20, kwanza kwa herufi za Kiarabu. Siku hizi mteja husoma jina kabla hata hajatazama rangi. Na hiyo doti usiikate, tafadhali.

Mjukuu_Pumwani:
Asanteni, shikamoo Bi Kibokoni. Mama amekula. Nimemsomea shangazi majibu yote, akafuta machozi ya kicheko, akasema leso aliinunua babu mwenyewe. Halafu akaniuliza: "Na nani aliyewaambia lile lilikuwa kengeza?"

Nyanya ndiye aliyetuambia.