Fremu nyeupe inapotea nikishakata picha pembeni, nafanyaje?

Mgebuka Mkavu:
Wakuu salama? Niko hapa Mwanga, Kigoma, naandaa video ya sendofu ya Jumamosi, kuna kipande picha za zamani za familia zinapita moja moja na muziki, natumia Premiere Pro, programu ya kuhariri video. Sasa kuna picha ya babu yake bi harusi kapiga bandarini, meli ya Liemba iko nyuma yake, ila pembeni kuna jamaa shangazi kasema atolewe (sijauliza kwa nini). Nimeweka efekti ya fremu nyeupe ikakaa poa, halafu nikakata kushoto na kulia kwa Crop, fremu za pembeni zote zikaenda na maji, imebaki mistari miwili juu na chini kama reli. Nimekwama toka jana.

Fundi wa Ujiji:
Mkuu kwenye orodha efekti zinasomwa kutoka juu kwenda chini. Wewe umepaka rangi ukuta halafu ndo ukaubomoa. Ivute Crop ikae juu ya fremu.

Mgebuka Mkavu:
Nimevuta, sasa vituko vingine. Mistari ya pembeni imerudi ila imesimama hewani kulekule picha ilikokuwa inaishia kabla sijaikata. Nikajaribu kunesti (kuifungia klipu ndani ya sikwensi yake), fremu ikazunguka skrini nzima, babu kabaki katikati hana kitu 😩

Mama Studio:
Nawasalimu toka Tabora. Mdogo wangu hiyo efekti yako inafuata kingo za faili lenyewe, haijui kama umekata. Na ukinesti, klipu inachukua saizi ya sikwensi, 1920 kwa 1080, ndo maana imezunguka skrini.

Achana nayo. Kopi picha pamoja na Crop yake, nakala iweke traki ya chini, ipige efekti ya rangi ya Tint, nyeusi na nyeupe zote uziweke nyeupe, itakuwa karatasi tupu. Halafu hiyo ya chini ikate kidogo kuliko ya juu, ile inayochungulia ndo fremu yako.

Hapa ndo wengi wanaharibu, Crop inahesabu kwa asilimia. Picha ya 4000 kwa 3000, asilimia 1 ya upana ni pikseli 40 ila ya urefu ni 30, fremu inatoka nene pembeni nyembamba juu. Kama picha ya juu umekata 20 kushoto na kulia na 5 juu na chini, ya chini weka 19 na 3.7, zitakaribiana sana. Kwenye picha ya juu, kingo za juu na chini usiache 0 maana fremu haitakuwa na pa kuchungulia. Na ukiwa umeipunguza picha hadi asilimia 40, hizo pikseli 40 zinabaki 16 kwenye skrini, kwa hiyo usiogope kuongeza.

Kaka Kibirizi:
Mi huwa nazikataga kwenye simu kabla sijaziingiza, efekti yoyote inakaa. Ubaya wake shangazi akibadili mawazo unaanza upya.

Mgebuka Mkavu:
Mama Studio shikamoo! Imekubali, ila picha ilikuwa inazumu taratibu na karatasi ikabaki nyuma, kumbe nilikopi kabla sijaweka keyframe (alama za kuanzia na kuishia zumu), nikakopi na Motion (mipangilio ya ukubwa na mwendo wa picha) pia ikatulia. Liemba nimebakiza bomba tu linaonekana, na shangazi kashaniletea nyingine nne, yule jamaa yumo kwenye tatu.

Fundi wa Ujiji:
Sasa hapo muulize ni nani 😂