Ma-admini wa wiki yetu (tovuti yetu ya kurasa tunazoandika pamoja), hizi linki za vifupisho zinazojiunga zenyewe mtazizima lini??

Jamani nimechoka, leo nasema. Nani kafungua ukurasa unaoitwa RDC halafu akaandika mambo ya Kongo? Najua ukivuka tu mpaka wa Mpondwe RDC ndiyo nchi yenyewe, Wakongo wanaiita hivyo kwa Kifaransa chao, sina ugomvi nao. Lakini huku kwetu Uganda RDC ni Resident District Commissioner, yule mkubwa anayeteuliwa na rais kwa kila wilaya, na kurasa zetu za Kasese, Bundibugyo, Kisoro zimejaa huyo mtu. Sasa mwanafunzi anasoma "RDC alifungua soko", anabonyeza, anajikuta Kinshasa. Banange!

Na msiniambie eti linki niliiweka mimi. Sijaweka! Wiki yetu inatumia programu ya TWiki, na TWiki ikikuta neno la herufi kubwa tupu, kuanzia tatu kwenda juu, inaangalia kama kuna ukurasa wenye jina hilo, ukiwepo inaunga yenyewe, usipokuwepo inaliacha neno lilivyo. Ndiyo maana miaka yote hiyo RDC ilikaa kimya. Tena linki inatengenezwa pale msomaji anapofungua ukurasa, si pale unaposeva, kwa hiyo kurasa za zamani zote zimegeuka kwa mpigo bila mtu kuzigusa, ukiingia kwenye historia ya mabadiliko hukuti kitu, jina la mwisho ni langu. Walimu wenzangu wananipigia simu, Mwalimu, mbona umeandika hivi? Nijibu nini?

Halafu UPC. Uganda People's Congress, chama cha Obote, kile kilichoungana na chama cha KY (Kabaka Yekka) wakaingia serikalini 1962, leo ukikibonyeza unapelekwa kwenye maelezo ya bakodi za supamaketi, sababu nazo zinaitwa UPC na kuna kijana alifungua ukurasa wa jina hilo akaandika mambo yake ya stoki. KY yenyewe imepona kwa kuwa ni herufi mbili tu. LC1 haiungwi, ina namba ndani. Yaani mwenyekiti wa kijiji ambaye kila mtoto anamjua hana linki, bakodi inayo. Akili gani hiyo?

Nikamlalamikia admini mmoja, ananijibu "si ubadilishe kifupisho chako". Kifupisho changu?? Hicho cheo cha RDC kimo kwenye Katiba ya 1995, ibara ya 203, nikibadilishe mimi kama nani!

Dawa mnaijua, mmekaa nayo tu. Ukiweka alama ya mshangao mbele, !RDC, linabaki neno la kawaida, ama unazungushia aya nzima <noautolink>. Lakini nani atapita kurasa zote hizo moja moja, na bando hizi za kuungaunga? Nendeni kwenye WebPreferences, ule ukurasa wa mipangilio, muwashe NOAUTOLINK inayozima linki za kujiunga zenyewe, basi, anayetaka linki aandike [[RDC]] kwa mkono wake kama wanavyofanya Wikipedia, mbona wao hawajafa.

Na wewe ndugu yangu wa Kongo, ukurasa wako ni mzuri, nimeusoma wote, ila uhamishe uuite KongoKinshasa. Ila tafadhali, wakati wa kuhamisha itakuletea orodha ya kurasa zinazotaja RDC, zinakuja zimetikiwa tayari, zitoe tiki zote, maana ukiziacha tu yule mkubwa wa Kasese naye ataitwa KongoKinshasa.