AFL mmeiua historia ya TAC Cup, kila sponsa akija mnabadilisha jina, imetosha sasa!

Wakuu heshima kwenu. Mods naomba msiuunganishe huu uzi na ile ya soka, huu ni wa ule mpira wa Australia, wa yai, ambao ukiishi huku Melbourne utausikia tu hata kama huupendi. AFL ndo ligi yake kubwa, na TAC Cup lilikuwa jina la ligi ya vijana ya jimbo hili la Victoria, ambayo timu zake ni za kanda.

Nimechoka kusoma watu wanaandika eti ligi ya vijana ya Victoria "imeanzishwa 2023". Hivi mnajisikia kweli? Sasa Luke Hodge alichaguliwa namba 1 kwenye drafti ya 2001 (pale klabu za AFL zinapochagua madogo kwa zamu) akitokea wapi, sokoni? Alitokea Geelong Falcons. Chris Judd mwaka huohuo namba 3, Sandringham Dragons. Pendlebury katoka Gippsland Power, Dustin Martin katoka Bendigo Pioneers, Brent Harvey aliyekuja kucheza mechi 432 katoka Northern Knights. Wote hao ni TAC Cup. Halafu leo ukisema TAC Cup dogo anakuangalia kama umetaja dawa ya mbu.

Ila madogo siwalaumu sana, nawalaumu wenye ligi. TAC ni lile shirika la serikali ya Victoria linalolipa fidia waliopata ajali barabarani, na mimi naona udhamini ule ulikuwa na akili kabisa, maana madogo wanaocheza pale ndo umri uleule wa kuanza kupewa leseni, yaani ujumbe wa usiendeshe ukiwa umelewa unamfikia mwenyewe mlengwa akiwa na jezi mwilini. 2018 ikaisha. Dandenong Stingrays wakachukua taji lao la kwanza kabisa kwa kuwafunga Oakleigh Chargers, na hapohapo jina likazikwa. 2019 ikawa NAB League, benki. 2023 ikawa Coates Talent League, kampuni ya kukodisha mitambo. Timu ni zilezile, kanda zilezile, wazazi walewale wanaendesha kutoka Wangaratta kilomita zaidi ya 200 kumleta mtoto mjini Jumapili, lakini historia kila mara inaanza upya kama simu iliyofomatiwa.

Ligi Kuu ya kwetu Tanzania si iliitwa Vodacom, na sasa hivi si inaitwa NBC? Nenda Kariakoo kamwambie mtu wa Yanga kwamba mataji yanahesabiwa kuanzia NBC, uone kama utatoka na shati.

Na msidhani ni ugonjwa wa juzi. Kabla ya 1992 kulikuwa na ligi ya U19 ya klabu zenyewe, ilianza 1946 kama timu za tatu za VFL, jina la zamani la AFL. Dogo wa Richmond alivaa jezi ya Richmond, dogo wa Collingwood ya Collingwood, anakua ndani ya klabu, anapigiwa kelele na kocha anayemjua mpaka baba yake. Kocha Denis Pagan alibeba mataji 5 na U19 ya North Melbourne, staa Wayne Carey alipita mikononi mwake pale, na Pagan huyohuyo akaja kubeba makombe ya wakubwa 1996 na 1999. Hiyo ndo ilikuwa shule. Ikaja drafti 1986, klabu zikaona kwanini tugharamie kulea dogo ambaye kesho anachukuliwa na mwingine, na mwisho wa 1991 U19 ikafutwa. Hesabu zao nazielewa, ila ndo ujue kwamba hii ligi ya kanda ilizaliwa kwa ajili ya soko la drafti, mtoto alikuja baadaye.

Ndo maana wanaifanyia watakavyo. Tassie Mariners wa Tasmania na NSW/ACT Rams wa New South Wales na Canberra waliingizwa katikati ya miaka ya 90, 2002 wakatolewa, na Tasmania wamekaa nje ya msimu kamili mpaka 2019. Watoto wa kisiwa kizima jamani! Lakini klabu mpya ya Gold Coast walipotaka sehemu ya kupashia misuli kabla ya kuingia AFL, 2009 wakafunguliwa mlango. 2010 zamu ya GWS, klabu nyingine mpya, ya Sydney magharibi. Msimu mmoja mmoja, wanapiga mazoezi juu ya migongo ya madogo, wanaondoka. Kwahiyo nafasi ilikuwepo, sema Tasmania hawakuwa biashara wakati ule.

Sasa sikilizeni kitu kinachonichoma. Kuna Morrish Medal, ya mchezaji bora wa ligi. Imeanza kutolewa 1947 kwenye ile ligi ya zamani, U19 ilipokufa ikahamia U18, yaani hii ligi ya kanda, ikapita TAC, ikapita NAB, mpaka leo inatolewa na jina ni lilelile. Kwa nini? Kwa sababu ina jina la mtu na hakuna kampuni iliyokuja na hela kuinunua. Medali moja ndo inabeba ushahidi wote kwamba hii ni familia moja, na bado mnaniambia 2023.

Tena Northern Knights walibeba makombe manne mfululizo, 1993 mpaka 1996. Manne! Ingekuwa timu ya wakubwa imefanya vile wangejengewa sanamu nje ya MCG, ule uwanja mkubwa wa Melbourne, hawa hata kwenye matangazo ya fainali husikii wakitajwa.

Ninachotaka ni kidogo tu. Sponsa mpeni ubao wa uwanjani, mpeni kifua cha jezi, hata mpira wenyewe muuandike namba yake ya simu, lakini ligi ipeni jina lake moja na rekodi ziwekwe pamoja kuanzia 1946. Mkataba wa Coates ukiisha mtatuambia nini tena, imezaliwa upya?

Wa Tasmania au Canberra mliowaona Mariners na Rams enzi zile njooni mshushe kumbukumbu. Na mnaoitetea AFL leteni hoja, matusi pelekeni kwingine.