Msaada: insha ya mazingira ya biashara ya kimataifa imenirudia na alama 48

Wana kundi, habari za majukumu? Wakubwa wote shikamooni.

Nimerudi shule ukubwani. Nachukua shahada ya biashara huku ughaibuni, na usiku nafanya kazi, na muhula huu tuna somo la mazingira ya biashara ya kimataifa. Nililidharau, nakiri. Mambo yake si ndiyo tunayoyasikia kila siku kwenye taarifa ya habari: ushuru, vikwazo, sarafu kushuka? Basi insha ya kwanza nimepata 48 kwa 100.

Nilitumia PESTEL, ile orodha ya mambo ya nje yanayoigusa biashara (siasa, uchumi, jamii, teknolojia, mazingira asilia na sheria), herufi zote sita, kila moja na aya yake, hakuna niliyoiruka. Mhadhiri kaandika pembeni maneno yale yale mara nne: "Kwa hiyo?" Wiki nzima nalala na kuamka na hiyo "kwa hiyo". Insha ya pili naiwasilisha baada ya siku 19, na kabla yake kuna semina ya Incoterms, yale masharti ya kimataifa ya kugawana majukumu kati ya muuzaji na mnunuzi, ambayo sijui hata pa kuanzia. Aliyepita njia hii anishike mkono.

Dada wa Zamu ya Usiku

———

Re: Msaada

Pole dada. Mimi wa kwangu aliandika "hii ni orodha ya sokoni". Nasubiri majibu pamoja nawe.

Msomaji Kimya

———

Re: Msaada

Mdogo wangu, mhadhiri hakuonei. PESTEL ni tochi ya kumulikia, wewe umempa tochi yenyewe aisahihishe.

Wazo hilo linatajwa kuanzia kwa Francis Aguilar, 1967, aliyekuwa akichunguza jinsi mameneja wanavyopata habari za nje ya kampuni zao. Alikuwa na mambo manne tu: uchumi, teknolojia, siasa na jamii. Sheria na mazingira asilia viliongezwa baadaye na wengine. Kwa hiyo hizo herufi sita si amri. Zijaze kwenye karatasi ya rafu, kisha tupa nne. Baki na mbili zinazogusana, uzifuate mpaka zifike kwenye pesa ya mtu.

Nikupe mfano niliofanyia mtihani mwenyewe. Septemba 2011 benki kuu ya Uswisi iliweka ukomo: yuro moja isishuke chini ya faranga 1.20. Tarehe 15 Januari 2015 ikauondoa ghafla. Faranga ikaruka siku hiyo hiyo, na kwa muda yuro moja haikufika hata faranga moja. Insha ya alama 48 inaishia hapo, na sentensi ya "hivyo tunaona kwamba sarafu huathiri biashara".

Sasa uliza "kwa hiyo?" Tuseme kuna kiwanda cha Uswisi kinachouza mashine Ujerumani kwa yuro 100,000. Jana zilikuwa faranga 120,000, leo ni kama 100,000. Mishahara, umeme na pango vinalipwa kwa faranga na havijashuka hata senti. Ikiwa kuitengeneza mashine kunamgharimu faranga 110,000, jana alilala na faida ya 10,000 na leo kaamka na hasara ya 10,000, bila kukosea chochote. Kwa hiyo apandishe bei? Mteja atakimbilia kiwanda cha Kijerumani pale pale kwao, kinachouza kwa yuro. Kwa hiyo abane mishahara? Sheria ya kazi na mikataba inasemaje? Kwa hiyo aanze kununua vipuri kwa yuro, ili yuro ikiporomoka, gharama nazo ziporomoke? Ukifika hapo ndipo insha imeanza, na utaona uchumi na sheria vimekutana vyenyewe bila wewe kuvipa aya mbalimbali.

Jambo jingine. Nusu ya darasa lenu watamkimbilia Hofstede, mtafiti aliyelinganisha tamaduni za nchi kwa takwimu, kwenye utamaduni. Mtumie, lakini kumbuka takwimu zake za mwanzo zilitoka kwa wafanyakazi wa kampuni moja, IBM, waliohojiwa mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970. Usiandike "watu wa nchi fulani wako hivi" kana kwamba nchi ni mtu mmoja. Wewe umeishi nchi mbili, unajua wazi kwamba mhasibu wa huku na mhasibu wa kule wanaweza kuelewana kuliko mhasibu na jirani yake. Ila usiandike "najua kwa sababu naishi ughaibuni". Hilo nililiandika mimi, nikakatwa alama. Tafuta makala inayosema unachokijua, uinukuu, kisha ubishane nayo.

Na nenda kwa mhadhiri kwenye saa zake za kuonana na wanafunzi. Mpelekee aya moja tu, si insha nzima. Insha nzima ataipitia juu juu. Aya moja ataisoma.

Mama Pacha

———

Re: Msaada (Incoterms)

Dada, hayo ya nadharia nawaachia wenyewe. Mimi ni mtu wa uwakala wa mizigo, Incoterms ndiyo kazi yangu ya kila siku.

Ni kanuni za Chemba ya Kimataifa ya Biashara, zilitoka mara ya kwanza 1936, na toleo linalotumika sasa ni la 2020. Yako masharti 11. Usiyakariri. Kila sharti liulize maswali matatu: nani anapanga usafiri, nani analipa, na hatari inahama wapi kutoka kwa muuzaji kwenda kwa mnunuzi. Anayedhani kanuni hizi zinasema pia mali ni ya nani anajidanganya. Hilo liko kwenye mkataba wa mauzo na sheria inayoutawala.

Mtego wa semina, nakuapia, utakuwa sharti la CIF (gharama, bima na nauli). Muuzaji analipa nauli na bima mpaka bandari ya mwisho. Meli inazama katikati ya bahari. Hasara ya nani? Darasa zima litasema ya muuzaji, si ndiye aliyelipa? Hapana. Hatari ilishahamia kwa mnunuzi mzigo ulipopakiwa melini kule kule ulikotoka. Muuzaji kalipia, mnunuzi kabeba hatari, na ile bima kakatiwa mnunuzi. Kwenye CIF, bili na hatari haviachani na muuzaji mahali pamoja. Ukiielewa hiyo, FOB (kukabidhi mzigo melini) utaimaliza kwa dakika mbili: hatari inahama pale pale, ila nauli ni ya mnunuzi.

Ukitaka kumfurahisha mhadhiri, sema kwamba kwa kontena masharti haya mawili hayafai sana. Kontena hukabidhiwa kwenye yadi, linaweza kukaa siku kadhaa kabla ya kupakiwa, na kipindi hicho chote hatari bado ni ya muuzaji ingawa mzigo haumo tena mikononi mwake. Ndiyo maana wanashauri FCA badala ya FOB, na CIP badala ya CIF: kwenye hayo hatari inahama mzigo unapokabidhiwa kwa msafirishaji, bila kungoja upakiwe melini. Watu hawasikii, FOB bado imejaa kwenye karatasi zetu.

Mkifika kwenye LC, yaani ahadi ya benki ya mnunuzi kumlipa muuzaji akileta hati sahihi: benki haitazami mzigo, inatazama karatasi. Niliwahi kuandaa hati ya shehena nikakosea herufi moja katika jina la kampuni ya mnunuzi. Mzigo ulikuwa mzima, umefika, kila mtu anauona. Benki ina siku tano za kazi kukagua hati. Siku ya nne ikazirudisha. Mpaka marekebisho yapatikane, kontena limekaa bandarini linahesabiwa tozo kila siku. Bosi hakunifokea. Alinipa ile hati nikae nayo mezani, herufi yangu ikiwa imezungushiwa wino mwekundu.

Kaka wa Kontena

———

Re: Re: Msaada

Wakubwa, ahsanteni mno. Nimejaribu jana wakati wa mapumziko kazini, nisahihisheni.

Mwishoni mwa 2023 meli za mizigo zilianza kushambuliwa Bahari ya Shamu. Kwa hiyo? Kampuni nyingi za meli zikaacha njia ya Suez, zikazunguka Rasi ya Tumaini Jema, kusini mwa Afrika. Kwa hiyo? Safari ya Asia hadi Ulaya ikaongezeka kama siku kumi au zaidi, na mafuta juu yake. Kwa hiyo? Hapa nilikwama nusu saa. Kisha nikaona: meli ile ile sasa inafanya safari chache zaidi kwa mwaka. Meli hazijapungua, lakini nafasi ya kontena imepungua. Kwa hiyo nauli inaweza kupanda hata kwa mfanyabiashara ambaye mzigo wake haupiti Suez kabisa.

Dada wa Zamu ya Usiku

———

Re: Re: Msaada

Hiyo ya nafasi kupungua bila meli kupungua ni yako mwenyewe, usiifute. Sasa chagua kampuni moja. Mzigo wake ukikaa baharini siku kumi zaidi, ni fedha ya nani imelala humo ndani, na kaikopa kwa riba gani?

Mama Pacha

———

Re: Re: Msaada

Kwa hiyo ya tano hiyo. Naingia kazini saa nne usiku, nitaitafuna huko.