Mzee wa peni nyekundu amenimaliza mbele ya darasa zima: "Kijana, maji ya kwenu yana haraka gani?"

Tisini_na_Tano (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Mikono inatetemeka, hii simu naibonyeza kama naisukumia unga.

Nimetoka praktiko sasa hivi. Simtaji jina huyu mhadhiri wetu. Mnamjua. Aliyepita idara yetu ya fizikia hapa Arusha akasema hamjui, basi huyo alikuwa anasainiwa mahudhurio na mwenzake miaka yote mitatu. Ni yule ambaye mfuko wa shati una doa la wino mwekundu kama mtu aliyepigwa risasi akakataa kwenda hospitali kwa sababu ana kipindi. Yule ambaye saa kumi na moja jioni festi yea wanaacha madesa wanakwenda kulisukuma gari lake mpaka likutane na mteremko. Huyohuyo.

Kazi ya leo ilikuwa nyepesi mpaka aibu: chemsha maji, soma joto kila dakika, jaza jedwali, chora grafu. Nimechemsha. Yakapanda vizuri, yakafika 95, yakagoma. Dakika ya kumi na nne, 95. Ya kumi na tano, 95. Mapovu yanaruka mpaka yanataka kushuka mezani, themometa imetulia tuli. Grafu imelala kama barabara ya kwenda KIA. Nikaandika 95 kwa mwandiko wangu ule wa kuombea kuongezewa muda wa kulipa ada.

Akaja. Akainama kwenye daftari kama ananusa mboga. Akachomoa peni. Akaandika 100 juu ya 95 yangu, akakandamiza mpaka karatasi ikatoboka, sifuri ya mwisho ikakosa nafasi ikaenda kukaa juu ya jina langu. Halafu kwa sauti ile ya mkutano wa injili: "Kijana, maji ya kwenu yana haraka gani?"

Watu sitini na kitu, jamani. CR, kiongozi wa darasa letu, alicheka mpaka akashika meza. Fundi wa maabara, ambaye mimi niliamini alizaliwa bila meno, alicheka. Maji yenyewe yaliongeza mapovu.

Na huyu ndiye kila mwaka anawakusanya festi yea, chini ya lile bango la Mwaka wa Kimataifa wa Sayansi na Teknolojia ya Kwanta 2025 ambalo hakuna aliyekumbuka kulitoa, anawasimulia habari za Erasto Mpemba. Kwamba 1963 kijana wa kidato cha tatu pale Magamba aliona mchanganyiko wake wa aiskrimu ulioingia kwenye friji ukiwa wa moto umeganda kabla ya wa mwenzake. Kwamba baadaye, alipofika sekondari ya Mkwawa, akamuuliza mwalimu, mwalimu akamwambia hiyo si fizikia ya ulimwengu, hiyo ni fizikia ya Mpemba. Kwamba darasa likamfanya wimbo. Hapo leso inatoka, anafuta macho, anasema tusimcheke mwenzetu anapoona kitu kwa macho yake. Leso ileile leo imetoka mfukoni kufuta ncha ya peni iliyonitoboa daftari!

Haraka gani. Maji. Ya kwetu.

Sitaki ushauri. Nataka mnisaidie kukasirika.

Chalii wa Sakina

Wa kwanza. Nimekaa paleee na karanga zangu.

Binti Kijenge

Akaunti imefunguliwa leo, jina Tisini_na_Tano. Mleta uzi hasira zimekufikisha mpaka kujisajili, barua pepe ukathibitisha na nywila ukaweka. Pole lakini nimecheka.

Dunda_la_Usa

Mimi nilikuwepo meza ya nyuma. Alichosahau kusema mleta uzi ni kwamba alijibu. Alisema "samahani mheshimiwa". MHESHIMIWA. Kama yuko bungeni. Ndipo CR alipopoteza kabisa.

Tisini_na_Tano

Dunda wewe ni nani? Wewe ndiye mwenye sweta la njano? Kesho tuonane.

Na sikusema mheshimiwa. Nilisema "mwalimu" ikatoka vibaya.

Kibatari

Mkuu, ulishika themometa namba saba? Ile yenye uzi mwekundu. Ile inasoma 95 hata ukiiweka kwapani. Kaka yangu alimaliza pale zamani na alipewa hiyohiyo. Ni mirathi.

Tisini_na_Tano

Ilikuwa namba tatu. Na meza ya pili walipata 95. Na meza ya tano. Wote walipomwona anakuja wakafuta wakaandika 100. Mimi nilikuwa najivunia mwandiko.

Mwl. wa Tengeru

Wanangu, hata bila praktiko hili lilikuwa jepesi. Maji huchemka pale mvuke wake unapoweza kuisukuma hewa iliyo juu yake. Ukipanda mlima hewa inapungua, tulifundishwa neno kanieneo, yaani mgandamizo wa hewa, tukiwa shule ya msingi, kwa hiyo maji hayahitaji kufika 100. Ni kama digrii moja kwa kila mita 300. Arusha mjini ni takriban mita 1,400 kutoka usawa wa bahari. Gawanya. Hiyo 100 ni ya watu wa Tanga na Dar.

Kijana yuko sahihi na mwenye peni naye anajua hivyo, ndiyo maana hakuuliza kwa nini, aliuliza haraka.

Chalii wa Sakina

Eti gawanya. Mwalimu humu hatukuja na kikokotoo.

Floraidi

Mnasahau maji ya huku yana floraidi. Angalia meno ya machalii wote waliokulia huku, kahawia tupu. Floraidi ndiyo inaharakisha.

Mwl. wa Tengeru

Hapana. Chumvi zikiyeyuka kwenye maji zinapandisha kiwango cha kuchemka, tena kidogo sana, hazishushi. Meno ni kesi nyingine, hapo uko sawa.

Mtoto wa Mangi

Haya ndiyo matatizo ya Arusha. Sisi Moshi tuko chini zaidi, maji yetu yanafika 97 kwa heshima zake. Watu wa Chuga kila kitu mnataka kiishe mapema, mpaka maji.

Chalii wa Sakina

Moshi mnakotoza hela hata kivuli cha mgomba? Tulia arifu.

Mtoto wa Mangi

Na huyo Mpemba mnayemlilia, hilo andiko lake la kuganda kwa maji, aliloandika na Profesa Osborne wa chuo kikuu cha Dar, lilipotoka 1969 alikuwa anasoma chuo cha wanyamapori pale Mweka. Kwa hiyo heshima zije Moshi, nyinyi bakini na daftari lililotoboka.

Mgumu_Mwanafizikia

Nimemwelewa mleta uzi kuliko wote humu. Mimi likizo napandisha mizigo ya wageni mlimani, ndiyo ada yangu. Pale kambi ya Barafu, Kilimanjaro, zaidi ya mita 4,600, maji yanachemka kwenye 85 hivi. Chai unaimimina inatokota na haijafika hata 90, ingawa ulimi bado utaungua. Wali bila presha kuka unakula mchanga. Mpishi wetu hajui neno kanieneo wala hajafika kidato cha pili, lakini ukimwambia maji yote duniani yanachemka 100 atakubebesha mtungi wa gesi wewe peke yako.

Sasa mleta uzi, angekukuta kule na 85 yako sijui angesema maji ya kwenu yana nini. Yamechelewa ndege?

Tisini_na_Tano

HATA WEWE MGUMU.

Mpita Njia 2

Uzi mrefu, sijasoma wote, ila na mimi nina langu. Mnaolia kwa themometa namba tatu mna bahati. Nilipopelekwa mazoezi ya kufundisha, maabara ya shule ilikuwa chumba kimoja, ufunguo anao mkuu wa shule, mkuu yuko semina. Nikaomba themometa zahanati ya jirani. Nesi akanipa kwa huruma. Ile ya kupimia homa, inaishia 42. Kijana wa kidato cha pili akaitumbukiza kwenye sufuria inayochemka kabla sijamaliza kusema "subiri". Paa! Zebaki kwenye uji wa walimu. Mnajua nimeilipa themometa ile kwa bumu, mkopo wangu wa chuo, la mihula mingapi?

Binti Kijenge

Kwa nini praktiko ilifanyika kwenye sufuria ya uji wa walimu?

Mpita Njia 2

Ndilo swali alilouliza mkuu wa shule aliporudi semina.

Kibatari

Chai hii, unatudanganya. Zebaki kwenye uji halafu walimu wote wazima?

Mpita Njia 2

Uji ulimwagwa, Kibatari. Soma vizuri. Walimu wakakaa na njaa mpaka saa nane wananiangalia.

Mjuaji wa Njiro

Wakuu tusipoteze heshima ya sayansi. Hata hiyo ya Mpemba si sheria. 2016 watafiti Burridge na Linden waliirudia kwa makini hawakuipata, na wakaonyesha kuwa ukisogeza themometa kama sentimita moja tu juu au chini, unaweza kujidanganya kuwa umeiona. Kwa hiyo swali la msingi kwa mleta uzi: ulishika themometa wapi? Iligusa kitako cha bika? Ilikuwa kwenye mvuke?

Tisini_na_Tano

Katikati. Imening'inia kwa uzi kwenye stendi. Haikugusa kitu. Mimi ndiye nimetobolewa daftari na bado naulizwa maswali kama mtuhumiwa.

Hivi mlielewa lakini? Alisema "ya kwenu". Angesema tu maji haya yana haraka gani, ningevumilia. YA KWENU. Mama yangu akaingia kwenye praktiko. Ukoo mzima ukawekwa juu ya moto.

Dunda_la_Usa

Sasa hivi korido yote ya hosteli ni hiyo. Mtu akichelewa kutoka bafuni wanamgongea "maji ya kwenu yana haraka gani". Umekuwa msemo mkuu, usipambane nao.

Chalii wa Sakina

Jana kondakta wa kifodi alinirukisha kituo Mianzini nikamwambia hivyohivyo. Hakuelewa, ila alinirudishia mia mbili.

Dunda_la_Usa

Jana? Imetokea leo mchana.

Chalii wa Sakina

Basi leo. Usiniharibie.

Mama Makande

Hamjambo wanangu. Mimi si msomi, ninapika, nina wateja wengi wa chuo. Kijana, hiyo 95 mimi nilikuwa siijui kwa namba ila naijua kwa mkaa. Dada yangu yuko Pangani, maharage anayaweka saa tatu asubuhi, saa sita yameiva. Mimi hapa Kijenge maharage yaleyale, sufuria ileile, mpaka saa nane yanaruka kwenye sahani. Kumbe ndiyo sababu. Nilikuwa namlaumu muuza maharage wa soko la Kilombero, tumenuniana tangu Pasaka.

Binti Kijenge

Mama Makande shikamoo! Kumbe uko humu? Yale ya Ijumaa yalikuwa magumu kweli, nilidhani ni korosho.

Mama Makande

Marahaba mwanangu. Ijumaa uliondoka hujalipa.

Mgumu_Mwanafizikia

Hahahaaa tumefika.

Kibatari

Afadhali wewe mama una mkaa. Hosteli tuliyopanga sisi mwenye nyumba amepiga marufuku hita na jiko la koili. Anapita usiku anasikiliza mlangoni kama kuna kitu kinatokota. Wiki iliyopita alinikamata na maharage yamebakiza nusu saa. Akazima, akayachukua, akasema luku ni yake. Asubuhi nikamwona anakula na chapati. Maharage yangu! Nani aliyafunika yakamalizia kuiva?

Mjuaji wa Njiro

Joto lililobaki linaweza kumalizia kazi kama sufuria ilifungwa vizuri na nguo nzito.

Kibatari

Kwa hiyo aliyavika na blanketi? Huyu mama nahama mwezi huu. Mwenye kujua chumba maeneo ya Njiro au Sanawari chenye luku yake mwenyewe aniambie.

Mpita Njia 2

Kipo kimoja Ngaramtoni, ila maji yanatoka Jumanne tu.

Chalii wa Sakina

Yakitoka yana haraka?

Tisini_na_Tano

Jamani turudi kwenye mada. Kesho asubuhi nina kipindi naye tena. Nifute 100 yake nirudishe 95 yangu au niiache? Karatasi imetoboka, nikifuta itachanika.

Floraidi

Kibatari, hicho cha Ngaramtoni kodi bei gani?

Mama Makande

Nyinyi mnaobishana na hita, siri ni kuloweka usiku kucha, na magadi. Watu wa Moshi wanaojua kiburu, zile ndizi na maharage, watakuambia. Magadi yanalainisha ganda, unaokoa karibu saa nzima ya mkaa. Ukizidisha lakini yanakuwa na ladha ya sabuni.

Mtoto wa Mangi

Nimesema nini? Heshima zije Moshi.

Tisini_na_Tano

Mama, magadi kiasi gani kwa kilo moja? Kijiko cha chai? Na yanawekwa mwanzo au yakishaanza kutokota?